Shujaa wangu ni yule anaepiga magoti risasi zikilia

Wiki hii nyinyi wa jarida mmeuliza, katika vita nani jasiri kushinda wote na kwanini. Najua wengi watasema komando au rubani. Mi niko hapa Lamu na jibu langu ni tabibu wa jeshi, yule askari wenzake wanamuita daktari ata kama hajasomea udaktari wenyewe.

Risasi zikianza kila mwili wataka kulala chini au kukimbia, na askari wa kawaida angalau ana bunduki, akifyatua moyo unapata pa kushika. Tabibu akisikia mwenzake analia anaenda kule kule kwenye kilio, na akifika hawezi kufanya haraka aondoke, lazma apige magoti, achane nguo, atafute damu yatoka wapi, kama ni mguu afunge mkanda juu ya jeraha aukaze mpaka damu ikatike, na majeruhi anapiga kelele aachwe maana ule mkanda unauma vibaya sana, na yeye asimuachie, alafu aandike na saa aliofunga ili huko hospitali wajue mguu umekaa bila damu muda gani. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anakufa kwa dakika chache tu, hakuna kusema tungoje vita vitulie. Mimi ni nesi, kumtafutia mshipa wa kuwekea dripu mtu alieishiwa damu ni kazi ata ukiwa na taa nzuri na mlango umefungwa, sasa piga hesabu gizani, kwenye matope, na anaekulenga yuko pale.

Mfano wangu mkubwa ni Desmond Doss wa Marekani. Huyu kwa sababu ya dini yake alikataa kabisa kushika bunduki, wenzake wakamsumbua sana kambini, lakini mwezi wa tano 1945 kule Okinawa alibaki juu ya jabali wenzake walipoteremka na akawashusha majeruhi kwa kamba mmoja mmoja, inakadiriwa watu 75. Mi linalonikamata zaidi ni la baadae mwezi huo huo. Bomu la mkono lilimuumiza miguu, akajifunga vidonda mwenyewe asimtoe tabibu mwengine mafichoni, akangoja masaa matano, machela ilipokuja na wakaanza kumbeba akamuona mwengine hali yake mbaya zaidi, akashuka akampa yeye. Kisha akapigwa risasi ya mkono, akaufunga kwa kitako cha bunduki, akatambaa. Wallahi mtu kama huyu nishani ya juu aliyopewa ni haki yake!

Lakini tusiwasahau wa kwetu. Vita vya 1914 mpaka 1918 huku Afrika Mashariki, wapagazi waliobeba chakula na risasi na majeruhi kwenye machela walikufa kwa maelfu, wengi kwa malaria na kuhara damu kuliko risasi, na majina yao mengi hayajaandikwa popote. Hili linaniuma.

Na huku Lamu tangu 2015 jeshi la Kenya, KDF, liko msitu wa Boni, mabomu yanafukiwa barabarani, na tabibu ndie wa kwanza kumfikia alielipukiwa wakati hajui kama kuna bomu la pili hapo hapo. Zahanati za vijiji vya huko zilipofungwa kwa ukosefu wa usalama, ni hao hao wa KDF waliwatibu kina mama na watoto. Sheria za Geneva tangu 1864 zinasema ata adui akijeruhiwa atibiwe, kwa hivyo kuna siku tabibu anamfunga jeraha mtu aliemuulia rafiki yake asubuhi ile. Mimi kwa hilo sijui kama ningeweza, na ndio maana nimemchagua yeye.

Ombi langu kwa jarida, watafuteni matabibu waliostaafu muwape kurasa waeleze kazi yao, na waonyeshe na picha namna ya kuzuia damu, manahodha wetu wa boti na watu wa bodaboda Mokowe wasome.