Wekundu kwenye sahani si mfupa bado

Mwaka wa kwanza wa uzamili nilimpigia mama simu saa tatu usiku nikamwambia nimeotesha mfupa maabara. Akamshukuru Mungu, akawaambia na majirani. Wiki mbili baadaye ikabidi nimpigie tena.

Ninyi mnaoanza mwaka huu biolojia ya mfupa hapa Arusha, sikilizeni kisa hiki, maana wengi wenu mtakipitia. Seli ambazo wengi tunaanzia ni MC3T3, zilizotoka kwenye fuvu la kitoto cha panya. Unazipa vitamini C ziweze kusuka kolajeni, yaani nyuzi za protini za mfupa, unazipa na chanzo cha fosfeti, kisha unasubiri wiki tatu, wakati mwingine zaidi. Mwishoni unamwagia rangi ya alizarini, ambayo hushika kalsiamu na kuwa nyekundu. Mimi wiki tatu niliziona nyingi, nikazidisha fosfeti. Siku ya tisa sahani nzima ilikuwa kama mchuzi wa nyanya. Nikapiga picha.

Kaka mmoja aliyetutangulia aliitazama ile picha, akauliza tu: "Kishimo cha sahani kisicho na seli umekiweka wapi?"

Sikuwa nacho. Nikarudia, safari hii nikaacha vishimo vitatu vyenye midia tupu, yaani maji ya kulishia seli bila seli. Vyote vitatu vikawa vyekundu. Midia yenyewe ina kalsiamu. Ukiijaza fosfeti kupita kiasi, viwili hivyo hushikana na kutuama chini, seli ziwepo zisiwepo. Kwenye hadubini tofauti unaiona ukishajua pa kutazama: mashapo hutapakaa kila mahali kama mchanga laini, lakini seli zinazojenga hujikusanya vivimbe, na madini huanzia humo yakifuata nyuzi za kolajeni. Kwa hiyo usiniletee rangi peke yake. Nionyeshe na jeni za kujenga mfupa zikifanya kazi: Runx2 mapema, osteokalsini baadaye, kwa siku zinazojulikana. Ukipima siku moja tu, umepiga picha moja ya harusi ya siku tatu.

Kudanganywa na wingi wa madini hakukuanza na mimi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake waliokoma hedhi, waliopewa floridi kwa miaka minne ili mifupa iongezeke. Uzito wa madini kwenye uti wa mgongo ulipanda kwa asilimia 35. Mivunjiko ya mifupa mingine nayo ikaongezeka. Floridi huchochea seli zinazojenga mfupa, halafu inaingia yenyewe ndani ya madini yake. Unapata mfupa mwingi, mnene kwenye eksirei, lakini mbovu.

Sisi wa chini ya Mlima Meru hilo hatuhitaji kusimuliwa. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia tangu utotoni, na kijijini kwetu wapo wazee wasioweza kugeuza shingo. Kiwango cha juu cha floridi kwenye maji ya kunywa cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinakipita mbali. Pale Ngurdoto wamekuwa wakichuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kinachoinasa floridi kwenye chujio ni madini yale yale yanayoinasa kwenye magoti ya bibi. Nilipolielewa hilo ndipo niliacha kuona utafiti wangu ni wa panya wa watu wengine. Na ndiyo maana ninakuwa mkali: vyombo vya seli visuuzwe mwisho kwa maji safi ya maabara. Maji ya bomba ya hapa yanaweza kuwa jaribio lingine ambalo hukulipanga.

Kuhusu ishara zinazoiambia seli ijenge mfupa, usianze kwa kukariri mchoro mzima wa Wnt, mojawapo ya njia za ishara hizo. Anza na mgonjwa. Kuna familia, nyingi zikiwa za Makaburu wa Afrika Kusini, ambazo mifupa yao hunenepa kupita kiasi kwa sababu mwili hautengenezi sklerostini, protini inayoifungia breki Wnt. Kutokana na familia hizo watafiti wakatengeneza kingamwili ya kuizuia sklerostini, romosozumab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa wenye mifupa dhaifu. Ukishashika breki iko wapi, mchoro utaukumbuka wenyewe.

Mengine ni ya mkononi. Vitu vya baridi visiagizwe vifike uwanja wa ndege wa KIA Ijumaa. Kingamwili zangu ziliwahi kulala ghalani hadi Jumatatu, barafu ikawa maji. Umeme ukikatika, friza ya nyuzi hasi 80 isifunguliwe "kuangalia kidogo". Andika idadi ya mara ulizogawa seli, kwani MC3T3 zilizogawanywa mno huacha kuweka madini na hazikuagi. Na jina liandikwe kwenye sahani yenyewe, si kwenye mfuniko. Mifuniko hubadilishana.