Shule ikifungwa, mtafute mtoto kwa jina lake: ushauri wa mwalimu wa Tanga

Machi 17, 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza shule zote kuanzia chekechea mpaka kidato cha sita zifungwe kwa siku 30. Zile siku 30 zilivyoishia wote tunajua, kidato cha sita walirudi Juni 1 na wengine wote Juni 29, yaani miezi mitatu na zaidi mtoto yuko nyumbani. Mimi ni mwalimu wa jiografia na mwalimu wa darasa kwenye shule moja ya kata hapa Tanga mjini, na ninachotaka kuwaambia walimu wenzangu na yeyote anayefanya kazi shuleni, awe karani, matroni au mlinzi, ni kwamba kilichowarudisha watoto darasani mwezi wa sita hakikua notsi. Ni kwamba kulikua na mtu wa shule aliyekua anawatafuta kwa majina yao. Magonjwa na mafuriko hayajaisha duniani, shule zinaweza kufungwa tena wakati wowote, ndo maana naandika haya.

Watu wakisikia masomo ya mbali wanawaza kompyuta na Zoom. Zipo shule zilifanya hivyo na nawapongeza kabisa, ila sisi watoto wetu wanatoka Makorora, Mabawa, Duga, Mwahako, wengine Tongoni kule njia ya Pangani, nyumba nzima ina simu moja ya kitochi na hiyo simu baba anaondoka nayo asubuhi. Taasisi ya Elimu ilikua inarusha vipindi vya masomo redioni na kwenye TBC, vilisaidia wenye king'amuzi kilicholipiwa na wenye redio ambayo haipo kwenye kipindi cha mpira muda huo, ila kipindi cha redio hakijui kama Asha wa kidato cha pili leo kasikiliza au yuko sokoni na mama yake anauza ndizi. Wa kulijua hilo ni wewe.

Sasa kazi inaanza na namba. Zile namba zilizoandikwa kwenye fomu za kujiunga nyingi hazifanyi kazi, mzazi kashabadilisha laini, au namba ni ya mjomba yuko Dar ambaye hajui hata mtoto yuko kidato cha ngapi. Usiishie hapo. Muulize kiranja. Watoto wanajuana kwa mtaa, ukimpata mmoja wa barabara ya 12 pale Ngamiani atakutajia wenzake wote wanaokaa jirani na nani ana simu inayopokelewa. Namba iliyonisaidia kuliko zote kwa mtoto mmoja aliyekua anakaa na bibi yake ilikua ya mwenye duka mbele ya nyumba yao, nikipiga anamtuma mtu anamuita, mtoto anakuja anaongea nami pale dukani huku watu wananunua sukari. Kwenye daftari lako andika namba halafu pembeni andika ni ya nani, inapatikana saa ngapi, na ukipiga uombe kuongea na nani. Hayo maelezo ya pembeni ndo yana faida, namba peke yake haitoshi.

Halafu waambie watoto wabipu. Mtoto hana vocha na aibu ya kumuomba mzazi vocha ili ampigie mwalimu ni kubwa, wengi hawataomba kabisa. Nilituma meseji moja kwa wote, fupi, ukiwa na swali lolote au tatizo lolote nibipu nitakupigia. Ilichukua muda kidogo kuwaingia maana mwanafunzi wa kwetu hajazoea kumbipu mwalimu, anaona ni utovu wa adabu, ikabidi niseme kwa wazazi wenyewe kwamba mimi ndo nimewaruhusu. Baada ya hapo zikawa zinaingia. Gharama ipo, siwezi kudanganya, ndo maana msimuachie mwalimu wa darasa peke yake darasa zima, gawaneni majina kwenye kikao, kila mtu awe na watoto wake wachache anaowajua, na kama kuna fungu lolote mkuu wa shule anaweza kulitumia kwa vifurushi aombwe mapema. Sisi wa serikali mshahara ulikua unaingia. Walimu wengi wa shule binafsi walikaa miezi bila kitu na bado walikua wanapiga simu kwa wanafunzi wao, Mungu awalipe.

Saa ya kupiga ni jambo ambalo mtu wa ofisini mbali hawezi kukupangia, lazima uijue sehemu yako. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili, katikati ya mvua za masika, na ukipiga karibu na magharibi unamsumbua mama yuko jikoni na futari, ukipiga baada ya tarawehe mtoto mdogo kashalala. Alasiri ndo ilikua nzuri. Kwa wanaolima mwani huku Tongoni kina mama wanaingia baharini siku za bamvua maji yanapokupwa mbali, na watoto wanachukuliwa kwenda kusaidia kufunga mbegu, kwahiyo siku hizo piga jioni, au subiri maji mafu, zile siku ambazo maji hayakupwi mbali, utawakuta nyumbani. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, na kijana aliyekua anaenda na baba yake dagaa nilikua nampata siku za mbalamwezi tu, siku nyingine mchana kutwa yuko usingizini. Ukilijua hilo huwezi kukasirika na kusema huyu mtoto hapokei simu, ni mkaidi.

Ukishampata usianze na umesoma nini. Naomba sana hapo. Mtoto ambaye hajasoma kitu akisikia hilo swali la kwanza, kesho simu ikiita anampa mdogo wake aseme kaka hayupo. Anza na mzazi, salamu kamili, shikamoo bibi, habari za hapo, hali ya hewa ya huko, nani anaumwa, hiyo ni heshima na pia ndo unajua nyumba ikoje. Halafu mtoto. Unalala wapi siku hizi, unakula na nani, rafiki yako fulani umemuona? Acha anyamaze kidogo, usimjazie maneno. Kuna bibi mmoja Makorora nilipomaliza kuongea na mjukuu wake alichukua simu akaniambia, mwanangu, tangu nisomeshe watoto sijawahi kuona mwalimu anapiga simu kwa jambo la heri, wakipiga najua mtoto kafanya kosa. Hiyo kauli nimeibeba mpaka leo na najua siyo ya bibi yule peke yake. Tumewazoesha wazazi kwamba jina la shule kwenye simu ni habari mbaya au ni mchango, basi kipindi kama kile ndo cha kulibadilisha.

Kazi ya shule nayo ipo, ila iwe ile ambayo mtoto hahitaji kitabu na inamlazimu arudi kwako. Mfano mimi nilikua na mada ya maji kupwa na kujaa. Nikatuma meseji kwa wale wa Sahare na Tongoni, andika leo maji yamejaa saa ngapi, kesho uandike tena, kesho kutwa tena, uniambie tofauti ni dakika ngapi. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, sababu mwezi nao unasogea dunia inapozunguka. Yule kijana wa dagaa, ambaye darasani alikua hanyooshi mkono hata siku moja, alinibipu wa kwanza, nikampigia akanieleza bamvua na maji mafu vizuri kuliko nilivyokua nafundisha ubaoni, majina ya siku zote za maji anayajua kutoka kwa babu yake. Nikamuomba awaelezee wenzake wawili anaokaa nao jirani, akawaelezea. Tafuteni kitu cha namna hiyo kwenye somo lako, hesabu za duka la mama, biolojia ya shamba la machungwa kwa watoto wa Muheza, vitu vipo vingi tu.

Kwa mazoezi ya kuandika tulitumia karatasi. Fotokopi zinawekwa kwenye bahasha zenye majina, zinaachwa kwa mlinzi getini, mzazi au mtoto anapita anachukua ya kwake anaacha ile ya wiki iliyopita, anapewa sabuni ananawa kwenye ndoo ya koki. Za Tongoni tulimkabidhi konda wa gari za Pangani anaziacha kibandani kwa mtu tunayemjua. Na hapa ndo niliona thamani ya mlinzi wetu, maana yeye ndo mtu pekee wa shule aliyekua anaonana na watoto ana kwa ana, alikua ananiambia fulani leo kaja ana kidonda mguuni, fulani bahasha yake inachukuliwa na mtu mwingine wiki ya pili sasa. Mama anayetupikia uji naye hivyo hivyo, anaishi mtaani na watoto, anajua nani kahamishiwa kwa shangazi Korogwe. Waiteni kwenye kikao. Mara nyingi tunafanya kikao cha walimu tunawaacha nje watu wenye habari zote.

Grupu la WhatsApp la wazazi ni zuri kwa matangazo, basi. Wanaobaki nje ya grupu ndo wale wale unaowatafuta, na likiachwa wazi linajaa video za kujifukiza na dawa zisizojulikana mpaka watu wanatoka. Weka admini peke yake aweze kuandika, tuma tangazo, funga.

Kuhusu wasichana naomba tuongee kwa uzito. Kwanza usalama wao kwetu sisi wenyewe. Mwalimu wa kiume usimpigie mwanafunzi wa kike kwa namba yake binafsi, usichati naye, pita kwa mama au mlezi, omba iwekwe laudispika, na iwe mchana. Matroni au mwalimu wa kike awe na orodha yake ya wasichana wote na awe na ruhusa ya kuongea nao yale ambayo mimi siwezi kuambiwa. Pili, nyumba nyingi kipindi kile hela ilikata, na hela ikikata msichana aliyekaa nyumbani bila shule anaanza kuonekana mkubwa. Tulikua na binti wa kidato cha tatu aliyekua anapokea simu kila wiki, ghafla akawa hapatikani, kila tukipiga tunaambiwa kalala, kaenda dukani. Mwenzangu wa kike akaendelea kupiga bila kuchoka mpaka siku moja akapokea mdogo wake, akasema dada ana wageni wameleta posa. Siku ile ile tulienda kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii, tukakaa na wazazi kwa heshima zote bila kufokeana, wakaelezwa kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Posa ikarudishwa. Kama tusingeendelea kupiga simu habari hiyo tungeipata harusi imeshapita. Namba 116 ni ya bure kwa ajili ya watoto, watumieni wote kwenye meseji, wavulana kwa wasichana, hata anayeona aibu kukwambia wewe anaweza kupiga huko.

Na waliopata mimba kipindi kile tuliwapoteza, kwa sababu mwaka 2020 milango ya shule za serikali ilikua imefungwa kwao. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua, na bado nakutana na wazazi hawajui. Kwahiyo ukiwa na daftari lako la namba usifute majina yao. Wapigie hao nao, waambie nafasi ipo.

Shule zikikaribia kufunguliwa ndo simu ziongezeke. Miezi mitatu mtoto wa miaka 14 anakua, shati limebana, viatu haviingii, na wengine wameshaonja hela ya kupakia machungwa au kubeba ndoo za samaki, anatafuta sababu moja ndogo tu ya kutorudi. Sisi tulikubaliana na mkuu wa shule kwamba wiki ya kwanza harudishwi mtu getini kwa sare, nywele wala deni la mchango, na tuliituma hiyo kwa meseji mapema, njoo hivyo hivyo ulivyo. Wapo waliokuja na ndala. Wale ambao hawakuonekana tuliwafuata wiki ile ile kwa baiskeli, kila mtu na majina yake, hatukusubiri tarehe ya kujaza ripoti ya watoro. Hilo la getini liongeeni kwenye kikao kabla watoto hawajafika na mlinzi naye awepo alisikie, maana mtoto akirudishwa siku hiyo kwa ajili ya viatu, kumpata mara ya pili ni kazi kubwa kuliko simu zote mlizopiga.