Re: Protoni ikihama kwenye DNA, kosa linatoka wapi?

Habari mdogo wangu. Umekwama hapa: protoni (kiini cha haidrojeni) ikihama kati ya guanini na sitosini, besi mbili (yaani "herufi" za DNA) zinazoshikana, besi ni zilezile, sasa mutesheni, yaani badiliko la kudumu kwenye DNA, inatokeaje?

Anza kwa kuhesabu protoni. Ikihama moja tu, chaji zinavutana na kwa kawaida inarudi upesi. Zikibadilishana mbili, moja ikitoka guanini na nyingine sitosini, kila besi inabaki bila chaji, ila ukingo wake wa kushikana umegeuka. Hapo ndipo penye hatari.

Wanafunzi wangu hapa Moshi huwa nawakatia besi za kadibodi, haidrojeni ni punje za mahindi. Wakisogeza punje mbili wanaona wenyewe: guanini sasa inakaa vizuri na besi nyingine, thimini, na sitosini na adenini. Basi nyuzi mbili za DNA zikiachanishwa ili zinakiliwe, besi zikiwa bado hivyo, polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) inaweza kupachika mwenzi asiye wake. Kosa lisiporekebishwa, kwenye nakala inayofuata palipokuwa na jozi ya guanini na sitosini (G-C) pana adenini na thimini (A-T). Mwanasayansi wa Uswidi Per-Olov Löwdin alilipendekeza wazo hili mwaka 1963.

Chora punje zako kwanza, halafu rudia swali lako.