Hadithi Yako Isimuliwe na Nani?

Wanaoanza kuandika huniuliza sana: nitumie "mimi" au "yeye"? Kabla ya kujibu, mimi hutaka kujua jambo jingine: katika hadithi yako, nani hajui nini?

Chukua kikao cha urithi. Baba amezikwa, arobaini imepita, ndugu wanagombea shamba la minazi. Nilipoandika hadithi ya namna hii, usimulizi nilimpa binti wa miaka 10 anayepeleka chai. Kila akiingia sebuleni, watu wazima wananyamaza. Anamwona baba yake mdogo akisukuma karatasi yenye mhuri chini ya mkeka. Yeye hajui ni kitu gani, ila msomaji ameshaelewa, na anaanza kumhofia mtoto. Msimulizi maizi, yule aonaye mpaka mioyoni, angesema tu kwamba hati imeibwa, na hofu yote ingeishia hapo.

Lakini "mimi" ina gharama zake. Binti huyo hawezi kutusimulia yaliyosemwa alipokwenda kulala, wala hawezi kuzungumza kama wakili. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), msimulizi ni Kazimoto mwenyewe, na kila mtu tunamwona kwa macho ya kijana huyo msomi aliyekata tamaa. Tumebanwa kichwani mwake, hatuna pa kutokea. Mimi naamini nguvu ya riwaya ile imo humo.

Ukichagua nafsi ya tatu, chunga sana kiambishi "a-". Soma hii: "Alimtazama. Alijua anamdanganya." Nani anamdanganya nani? Wengi hukimbilia kurudia majina kila sentensi, mpaka ukurasa unachosha. Afadhali umshike mhusika mmoja onyesho zima, ukae karibu naye:

"Zuhura aliliona jasho likimtoka kaka yake puani. Muongo huyu."

Hakuna "alijua" wala "aliwaza", na bado kila msomaji anatambua kwamba maneno mawili ya mwisho yametoka moyoni mwa Zuhura. Nafsi ni ya tatu, lakini uchungu tunausikia kwa ukaribu uleule wa "mimi".

Kama bado unasita, andika tukio zito kuliko yote kwa nafsi zote mbili, kisha usome kwa sauti. Usijaribie ukurasa wa kwanza. Huo hukubali nafsi yoyote. Kwenye kilele ndipo mojawapo itakapokugomea.