Karatasi ni nyeupe, picha imetoka ya rangi ya chungwa: nani amekosea?

SWALI: Usiku nilipiga picha ya karatasi nyeupe chini ya balbu ya kizamani ya nyuzi, kamera ikiwa kwenye mpangilio wa mwanga wa mchana. Picha imetoka ya rangi ya chungwa, lakini mimi naiona karatasi nyeupe kabisa. Kamera ni mbovu, au macho yangu?

JIBU: Vyote viwili ni vizima, ndugu yangu. Kamera imepima mwanga uliotoka kwenye karatasi, ila macho na ubongo wako vimekuambia karatasi yenyewe ikoje.

Mwanga wa balbu ya nyuzi ni wa takriban kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga: kikiwa kidogo mwanga huelekea wekundu, kikiwa kikubwa huelekea buluu), ilhali wa mchana hukadiriwa kuwa 6,500. Ule wa balbu umejaa wekundu na una buluu kidogo mno. Kwa kuwa karatasi nyeupe huakisi karibu kila inachopokea, mwanga unaofika jichoni kweli una uchungwa.

Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna aina tatu za koni, seli zinazohisi mawimbi marefu, ya kati na mafupi. Zile za mawimbi marefu zikilemewa na wekundu, hupunguza usikivu wake. Za mawimbi mafupi, zenye njaa ya buluu, huongeza. Mwanafiziolojia Mjerumani Johannes von Kries alilieleza wazo hili mwaka 1902. Sehemu ya marekebisho hayo hutokea papo hapo, nyingine huchukua dakika kadhaa. Ukiwa nje jioni, dirisha la chumba chenye balbu hiyo huonekana la rangi ya chungwa. Ingia ukae humo, uchungwa unafifia.

Lakini koni peke yake hazitoshi, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya kamera ya Polaroid, alipanga vipande vya karatasi za rangi mbalimbali ubaoni, kisha akarekebisha taa tatu hadi kipande kimoja kikatoa mwanga uleule uliokuwa ukitoka kwenye kipande cha rangi nyingine. Watazamaji waliendelea kukitaja kwa rangi yake halisi. Ubongo hulinganisha kila kipande na majirani zake, na kwa ulinganisho huo hukadiria taa ikoje.

Makadirio hayo hugawanya watu taa isipojulikana vizuri. Mwaka 2015 picha ya gauni moja ilizua ubishi mtandaoni: wengine waliona buluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu. Gauni lilikuwa la buluu na nyeusi. Na chini ya taa ya sodiamu ya shinikizo dogo, ambayo mwanga wake karibu wote ni wa urefu mmoja wa wimbi, nanomita 589, yaani njano, hakuna cha kulinganisha. Rangi hupotea, hubaki tofauti za kung'aa tu.

Kuhusu picha yako, iambie kamera kuwa taa ni balbu ya nyuzi, au iipimie weupe kwa hiyo hiyo karatasi. Chumba kikiwa na balbu pamoja na mwanga wa dirishani, zima kimoja, maana mpangilio mmoja hauwezi kusahihisha vyote viwili.