Karatasi za haradali za Rigollot: usimbandike mtoto

Pole kwa kikohozi cha mwanao, dada. Umeuliza kama zile karatasi za haradali ulizozikuta kwenye kopo kuukuu la Rigollot, pale mnadani Paris, unaweza kumbandika kifuani. Tafadhali usimbandike.

Paul-Jean Rigollot, mfamasia Mfaransa, alizitoa miaka ya 1860. Kabla ya hapo watu walikoroga unga wa haradali nyumbani, wakaupaka kwenye kitambaa. Yeye aliukamua mafuta, maana mafuta huufanya uharibike, kisha akaugandisha kwenye karatasi kwa gundi ya mpira. Ilichovywa kwenye maji ya baridi au vuguvugu na kubandikwa kwa dakika 10 hivi. Maji ya moto hapana: yanaua kimeng'enya kinachotoa ule ukali.

Na huo ukali ndio unaonitia hofu. Ngozi inakuwa nyekundu, ukichelewa kubandua inatoka malengelenge, na ya mtoto ni laini mno. Haradali haitibu mapafu, inachoma ngozi tu. Kopo lenyewe litunze, ni kitu kizuri. Ila mtoto akihema harakaharaka, au ukiona mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.