Nyama ya Shamash anakula nani?

Wadogo zangu wa somo la Mesopotamia, nimemaliza kusahihisha insha zenu za Kibao cha Shamash, mungu jua wa Babeli, kile cha jiwe kilichoko British Museum, na kichwa kinaniuma. Nyote mmeeleza picha. Mungu kakaa, kofia ya pembe, pete na fimbo mkononi, duara la jua mbele yake, kuhani kamshika mfalme mkono anampeleka. Haya, tumeona. Maandishi je?

1. Kilikopatikana, andikeni mji wa kale wa Sippar, leo Abu Habba, karibu na Baghdad. Mwanaakiolojia Hormuzd Rassam alikitoa huko mwaka 1881. Na Rassam ni mzaliwa wa Mosul, msimfanye mgeni wa Iraki.

2. Sanduku kilimokutwa lisiwachanganye. Kibao ni cha Nabu-apla-iddina, mfalme wa Babeli, karne ya 9 KK. Sanduku la udongo alilitengeneza mfalme mwingine, Nabopolassar, miaka zaidi ya 200 baadaye. Kila mwaka kuna anayevifanya vya siku moja.

3. Someni mpaka mstari wa mwisho. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kwenye semina yangu nilimaliza picha hadi mikunjo ya nguo, kisha nikaingia kwenye kisa, kwa madaha: Wasuti, kabila la wahamaji, wameharibu hekalu la Shamash huko Sippar, sanamu yake imepotea, mfalme Simbar-Shipak kaitafuta asiipate, akatundika duara la jua badala yake. Vizazi vikapita, mara mfano wa udongo wa sanamu ile ukaonekana ng'ambo ya magharibi ya mto Frati, na Nabu-apla-iddina akaagiza sanamu mpya ya dhahabu na lapis lazuli, lile jiwe la buluu. Nikanyamaza nikisubiri pongezi. Mwalimu akauliza, "Na nyama anakula nani?" Nyama ipi tena? Nikapekua karatasi, nikakohoa, nikasema ni ya mungu. Darasa zima likacheka, maana wenzangu walikuwa wamesoma. Maandishi yanaendelea na mafungu ya sadaka, nyama ikiwemo, na mavazi, ambayo mfalme anampa kuhani Nabu-nadin-shumi. Sasa jiulizeni ule mfano wa udongo nani alimwonyesha mfalme. Huyo huyo! Yaani mnachokiita sanaa ya ibada ni hati ya posho, imechongwa kwenye jiwe ili asitokee wa kuipinga.

Simwiti kuhani wa watu mwongo. Pengine udongo ulipatikana kweli. Ila Sippar hiyo hiyo ilitoa mnara mdogo wenye umbo la msalaba, unaodai Manishtushu wa Akkad alilijazia hekalu mapato, na mwishoni unaapa kwamba si uongo. Wataalamu wengi wanaona makuhani waliutunga zaidi ya miaka elfu baada ya mfalme huyo kufa. Mtu anayeapa kabla hajaulizwa, mnamjua.

4. Tajeni namba ya kitu, BM 91000. Basi.

Insha zirudi kwangu Ijumaa. Picha aya moja, na pembe za kofia msinihesabie tena.